Jinsi ya Kuikataa Karavani ya Ami Fernand

Jumamosi, 12 Julai

Tumeichukua. Au yenyewe imetuchukua, bado sijui. Ilikuwa ghalani kwa Ami Fernand, huku Morvan, chini ya turubai lenye mavi ya popo. Ami akalivuta turubai taratibu kama anayemfunua bibi harusi. Nyumba ya magurudumu, rangi ya maziwa yaliyoganda, mapazia ya kahawia, harufu ya panya na vitunguu. Gaëtan, mume wangu, akavua kofia. Naapa, alivua kofia.

Niandike masharti nikiwa bado na akili zangu. Ami Fernand ni mdogo wake baba mkwe. Magoti yamemwisha, anahamia kwa binti yake karibu na Tulle. Sisi tunaikokota karavani mpaka huko, polepole, kwa njia za mashambani, na hiyo ndiyo likizo yetu. Jumatatu ya tarehe 21 tunakula naye mchana. Gaëtan akisema ndiyo, karavani ni yetu, bure, na kila kiangazi tutalala humo mpaka watoto hawa waoe na kuolewa. Ninon ana miaka sita. Firmin ana mwaka mmoja na meno yanayoota bila foleni. Nilianza kupiga hesabu, nikaacha.

Mimi ninachotaka ni kidogo. Juma moja baharini. Chumba cha kupanga, bafu lenye mlango, mlango wenye ufunguo, na mtu mwingine aoshe sahani. Basi. Tangu Firmin azaliwe sijaoga bila mtu kunisimulia jambo.

Kukataa waziwazi hakuwezekani. Katika ukoo huu anayemkatalia Ami Fernand husemwa mpaka Krismasi, tena mezani, mbele yake mwenyewe, huku akipewa viazi. Kwa hiyo lazima Gaëtan aichukie karavani kwa moyo wake. Kazi yangu ni kumsaidia.

Ami aliniuliza naionaje. Nikasema inapendeza. Macho yakamlenga machozi, akanibusu mashavu mara nne.

Meza inageuka kitanda kwa ubao mmoja. Ubao haukuonekana. Tumeupata sasa hivi, Firmin ameulalia.

Jumapili, 13 Julai

Mpango wa kwanza: ramani. Dereva ni Gaëtan, msoma njia ni mimi. Simu nimeizima, nikasema huku hakuna mtandao.

Nilichagua kijistari chembamba kuliko vyote, kinachokatiza kijiji kimoja ambacho jina lake ni refu kuliko barabara yake. Nilijua karavani haitapita. Nilitaka anase, atoke jasho, aape kwamba basi.

Akanasa. Vizuri sana. Kati ya duka la mkate na ukuta wa kanisa, kiasi kwamba ukitaka baguette ungeinunua kupitia dirisha la jikoni letu. Nikamtazama, nikangoja.

Ndipo misa ikaisha. Kijiji kizima kikatoka, na kila mwanamume akajiona rubani. Mmoja anasema kata kulia, wa pili anamwambia wa kwanza kwamba hata toroli lake linamshinda, wa tatu anapima upenyo kwa fimbo ya bibi yake. Mwenye duka akahamisha vyungu vya maua. Padre, na kanzu yake bado mwilini, akalala chini kutazama magurudumu. Gaëtan akarudi nyuma. Inchi kwa inchi, mkono mmoja kwenye usukani, kichwa nje. Sijawahi kumwona hivyo. Huyu ni mtu aliyefaulu mtihani wa udereva mara ya tatu, na nyumbani huegesha gari kwa kuligusisha.

Alipotoka, wakapiga makofi. Wakamkalisha kahawani, wakammiminia pombe ya pastis, wakamwita fundi. Jioni ameniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hajajisikia mwanamume hivi tangu Ninon azaliwe. Akanishukuru kwa kuchagua njia ile.

Nimesema karibu.

Jumanne, 15 Julai

Nina usingizi. Mwandiko huu usamehewe.

Mpango wa pili ulikuwa kengele. Kambi ya manispaa, Allier, miti mizuri, mto, na kule mwisho nafasi moja ambayo hakuna anayeitaka kwa sababu imekaa chini ya mnara wa kanisa. Nikasema hapo, hapo kuna kivuli. Mlinzi wa kambi akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sisi tunapenda historia.

Kengele za huku hupiga saa mara mbili. Zinapiga, zinapumzika kidogo, halafu zinarudia zote upya kwa ajili ya waliokosea kuhesabu. Hilo nililijua. Shangazi yangu aliolewa sehemu kama hii. Nikajisemea, Gaëtan ambaye huamka paka akipita, usiku mmoja tu utamtosha.

Na ilikuwa Julai 14, sikukuu ya taifa. Fataki, dansi ya wazima moto, kinanda cha mkono kikilia mpaka nyota zikachoka. Gaëtan alicheza na Ninon juu ya viatu vyake. Alicheza na mimi pia, kidogo, Firmin katikati yetu kama mkate ndani ya mfuko. Ilikuwa nzuri. Naandika tu ukweli, haibadilishi kitu.

Kisha wakalala, wote watatu, kama magogo. Mimi nilihesabu kila saa. Mara mbili.

Asubuhi Gaëtan amejinyoosha na kusema hewa ya karavani hii ina dawa ndani yake, nyumbani halali hivi. Ninon ameniuliza mbona macho yangu yana mifuko. Nimemwambia ndiyo mitindo ya huku.

Jumatano, 16 Julai

Jana nilisahau kitu kingine. Choo cha karavani kina tangi, na tangi lazima limwagwe kila asubuhi mahali maalumu. Nilimpa Gaëtan kazi hiyo tangu siku ya kwanza, nikitumaini. Leo amekawia sana. Nimemfuata nikiwa na furaha moyoni, nikijua ameketi mahali akilaani maisha. Nimemkuta amesimama kati ya wanaume sita, kila mmoja na tangi lake mkononi, wanajadili bei ya dizeli na magoti ya kipa wa taifa. Ni bunge. Wananyamaza mwanamke akikaribia. Mmoja amemwuliza Gaëtan kesho atakuja saa ngapi, kwamba bila yeye mjadala haunogi.

Nimerudi na taulo langu bafuni. Foleni. Kitufe cha maji ya moto kinajizima kila ukifumba macho.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa tatu: jibini.

Nililinunua tukiwa bado Burgundy, lile la duara, linalooshwa kwa pombe kali mpaka ngozi inakuwa ya machungwa. Jibini ambalo watu wenye adabu hawapandi nalo treni. Nikalificha ndani ya benchi, upande wa mto wa Gaëtan. Joto lilikuwa linaelekea nyuzi thelathini na tano. Nikafunga madirisha, nikasema kuna nyuki.

Lengo: karavani inuke. Inuke hasa, inuke bila tiba, mpaka Gaëtan aseme panya amekufia ukutani na nyumba hii haifai tena kwa watoto.

Sasa, jirani yetu kambini anaitwa Bibi Huguette. Anakuja kila mwaka na mumewe tangu kabla sijazaliwa, nafasi ileile, na wameipanga kuliko sebule yangu: zulia, taa, maua ya jerani, uzio mdogo mweupe, na sanamu ya kibete anayevua samaki. Ananiita mwanangu. Asubuhi nilipokwenda ofisini kutafuta mkate, aliniambia mbele ya watu, polepole kama unavyomwambia mgonjwa, kwamba mkate huagizwa jioni ya kabla, mwanangu, jioni ya kabla, na kwamba enzi zake mama yeyote alilijua hilo kabla ya kujua kufunga nepi. Akanipa nusu baguette yake. Niliichukua kwa kiburi. Niliila yote.

Jioni akapita mbele ya mlango wetu. Akasimama. Pua ikainuka. Nikasema moyoni, sawa, aibu hii ipate mtu wa kuiona, aende akamwambie kila mtu kwamba karavani hii inanuka. Akaingia bila kubisha, akamwomba Gaëtan radhi, akafungua benchi moja kwa moja kama aliyeliweka yeye. Akalitoa jibini, akalibonyeza kwa kidole gumba. Akafumba macho. Akatangaza kwamba halijaonekana jibini lililoiva hivi kambini tangu marehemu wa nafasi ya kumi na nne.

Dakika chache baadaye zulia lake lilikuwa limejaa watu, glasi, mizeituni, soseji. Kila mmoja aliniuliza nililiivishaje, joto kiasi gani, siku ngapi. Mumewe Huguette, ambaye sikuwa nimemsikia akisema, alisema. Gaëtan alinizungushia mkono na kuwaambia watu kwamba mke wake ni hivyo, anaweza kubeba siri siku tano ili tu awafurahishe watu.

Harufu imebaki. Imehamia upande wangu.

Ijumaa, 18 Julai

Mvua. Hatimaye kitu ambacho sikuhitaji kukipanga.

Auvergne nzima imeingia ndani ya wingu. Watu wanne, mita chache, soksi zinaning'inia juu ya jiko. Nikajisemea, leo ndiyo leo, hakuna mwanamume atakayeivumilia hii mpaka jioni. Paa likaanza kuvuja. Nikafurahi. Linavuja mahali pamoja tu, juu ya shingo yangu.

Wamecheza karata kutwa nzima. Ninon anaiba karata hadharani na baba yake anajifanya haoni, halafu anamshitaki kwangu eti mama, huyu mtoto wako ni jambazi. Nimemwambia jambazi amerithi pua na tabia upande wa kina Fernand. Kila Ninon akishinda huinua kiganja, na lazima kila mtu akipige, hata Firmin. Firmin jino limetoka. Nililigusa kwa kidole, kitu kidogo chenye ncha kama punje ya mchele. Homa ya meno imekwisha. Amenilalia kifuani saa nzima akikoroma kama mzee wa kahawani.

Ninon akasema nyumba hii ni bora kuliko ya kwetu kwa sababu usiku akinyoosha mkono anatugusa wote.

Nikamwambia apige mswaki. Nikageukia jiko. Sahani zilikuwa hazijaoshwa, kama kawaida, na zilinirudisha katika msimamo.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeingia Corrèze. Zimebaki siku mbili, na Gaëtan ameanza kuongea habari za kupaka rangi. Anataka buluu. Ameniuliza mapazia nitashona mwenyewe au tutanunua.

Lakini Mungu hamtupi mama. Tumefika kijiji kimoja cha mawe, na kwenye mlango wa ofisi ya meya nikaona tangazo: kesho, uwanjani, gulio la vitu vya darini. Lile la mara moja kwa mwaka, ambapo kila nyumba inashusha dari lake na kumwaga uwanjani viti vya marehemu, taa, skii za theluji, sahani zisizolingana. Wauzaji huanza kufika kabla ya jua, na wakishapanga meza zao hakuna gari litakalotoka mpaka jioni.

Gaëtan hapendi mambo matatu duniani: umati, kubishania bei, na kuonekana akiwa na chupi na mtu asiyemjua.

Nikamwambia nimechoka, tulale hapahapa uwanjani, ni usiku mmoja, pametulia. Tangazo nilikuwa nimeliegemea kwa mgongo.

Jumapili, 20 Julai

Niandike taratibu, kwa sababu sijui bado nimefanya nini.

Alfajiri walifika. Tulipoamka tulikuwa tumezungukwa: kushoto mama mmoja anayeuza taa, kulia meya mwenyewe akiuza skii zake, mbele masanduku ya vyungu. Mtu alikuwa amekwisha kutundika makoti matatu kwenye kioo cha pembeni cha gari letu. Gaëtan akafungua mlango na chupi yake yenye picha za samaki. Mama wa taa akamwuliza chupi bei gani.

Nilidhani ndiyo mwisho. Kumbe ndiyo alipoamka vizuri. Alivaa suruali, akaomba kahawa, akambeba Firmin mabegani, akazama kwenye vyungu. Nikamsikia mbali akibishania chujio. Gaëtan, anabishania. Nikakaa kwenye ngazi ya karavani, kichwa mikononi. Mipango yangu yote imekwisha, na kesho ni Jumatatu.

Ndipo akaja mkulima mmoja, Mzee Marcelin. Mrefu, bereti, viatu vya mpira, jua lote lile. Hakunisalimu mimi, aliisalimu karavani. Akaizunguka. Akalipiga teke gurudumu, akaingia, akakanyaga sakafu kwa visigino kila kona, akafungua na kufunga madirisha. Akatoka, akaniambia kwamba dhoruba ya masika ilimwangushia banda, na kuku wake wanalala ndani ya trekta. Anatafuta kitu ambacho mbweha hawezi kuingia. Akaniuliza hiki kikoje.

Nikamweleza kwamba si changu, ni cha Ami Fernand wa karibu na Tulle. Akasema Fernand yupi, yule mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye magoti. Nikasema huyohuyo. Akasema basi tuko nyumbani. Akaniuliza tena, hiki kikoje.

Sijui kilichonipata. Siku tisa nimekuwa nikiisifu karavani hii kwa uongo, na sasa mtu ananiomba niisifu kwa ukweli. Nikafunguka. Nikamwambia sakafu ngumu, mbweha atavunja meno. Hewa inapita. Mabenchi ya kutagia yako tayari, tena yana mito. Harufu ya kuku haitaonekana kamwe, nitamwonyesha kwa nini. Nikamwambia mzee, hii nyumba ya kukokotwa ilikosewa tangu kiwandani, iliumbwa kwa ajili ya kuku.

Mzee Marcelin akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, kama kwa mzaha, mitungi kumi na miwili ya mafuta ya bata, na bata bukini kila Krismasi maadamu anaishi. Nikacheka. Nikasema kwa huyo bukini nampa na kibali cha kuku kusafiri. Akainua kiganja.

Siku mbili nimekuwa nikipiga kiganja cha Ninon. Mkono ulikwenda wenyewe. Pah.

Mama wa taa akaweka kikombe chini. Meya akaacha mteja wake, akaja kunishika mkono, akasema imeuzwa, na yeye ni shahidi. Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha.

Kwetu Saint-Quentin kitu huuzwa kwa mashine ya kadi. Huku, meya alinieleza kwa upole, mababu waliuza ng'ombe, mashamba na hata mabinti kwa kiganja, na hakuna aliyewahi kurudi nyuma isipokuwa mmoja, mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na ukoo wake bado unaitwa kwa kosa hilo.

Gaëtan akarudi na chujio. Wakamsimulia watu wanne kwa wakati mmoja. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliweka kiganja juu ya karavani, pale ubavuni, kama unavyomtuliza punda, akasema kwamba kumbe alikuwa amekwisha kuchagua buluu.

Nilikuwa nimeshinda. Nilijua nimeshinda. Nilikwenda nyuma ya karavani na kipande cha keki aliyonipa meya, nikawamegea shomoro.

Jumatatu, 21 Julai

Ami Fernand amekuja mwenyewe kijijini, ameletwa na binti yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyarudia tangu nilipoamka, Firmin akiwa hadhira.

Hakuyasikiliza. Aliuliza jambo moja tu: huyu alipiga juu, kwa vidole tu, au alipiga chini? Mzee Marcelin akasema chini, kiganja chote, mlio ulisikika mpaka kwa muuza skii. Ami akanigeukia, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijapata kukiona ukoo huu ukinipa. Heshima. Alisema miaka arobaini ya kuuza ng'ombe Marcelin huyu hakuwahi kumwongezea hata sungura juu ya bei, na mimi nimemtoa bukini wa maisha. Akamwambia Gaëtan, mwanangu, huyu mke usimpeleke sokoni bila mimi. Kiganja kimepigwa, kimepigwa. Karavani ni ya kuku.

Basi imekwisha. Tukaikokota mpaka shambani kwa Marcelin, tukaiacha chini ya mti wa jozi. Ninon alilia. Gaëtan alijifanya anakagua breki muda mrefu. Mimi niliiaga ndani, nikafuta meza, sijui kwa nini. Kuku wako ishirini hivi, wa rangi ya shaba. Waliingia kwa mstari kama wenye tiketi.

Hapo ningenyamaza. Andika hili, mwanamke, ulikumbuke: hapo ungenyamaza.

Lakini mume alikuwa na uso ule, na Mzee Marcelin alikuwa anahangaika, anaona amepata zaidi ya alichotoa. Akasema kiangazi kuku hulala nje kwenye miti ya matufaha, karavani itakaa tupu, pengine tungependa kuitumia siku mojamoja. Nikaona hatari inavyokuja. Nikasema kwa haraka, kwa ukarimu, kwa sauti ya mama mkuu wa shule, la hasha mzee, sisi hatutaki kitu, iwe ya kuku mwaka mzima, hata kiangazi, hata milele.

Wazee wawili wakatazamana. Ami Fernand akatoa leso. Marcelin akasema watu wenye moyo namna hii hawaachwi waende mikono mitupu. Akafikiri. Akasema ana dada yake kisiwani Oléron, nyumba iko mchangani, amemwita kila mwaka tangu afiwe, na hajaenda hata mara moja kwa sababu jioni lazima mtu afunge kuku kabla ya mbweha. Sasa, kama sisi tungekuwa hapa. Wiki tatu za Julai, kila mwaka. Karavani yetu, maziwa bure, mayai bure, bomba la maji liko palepale nje. Tunafunga kuku tu. Na yeye atakwenda baharini. Dada yake ana bafu, alisema. Kubwa. Yeye huosha vyombo mwenyewe, hataki mtu aguse.

Nilifungua mdomo nikatae. Kiganja chake kilikuwa kimeinuka, lakini mbele ya Gaëtan. Na Gaëtan alikuwa anatabasamu kwa uso wote, kama siku ile kwenye ukuta wa kanisa.

Pah.

Jumanne, 22 Julai

Gari ni jepesi bila karavani. Tunaondoka mchana huu kwenda nyumbani. Gaëtan anapiga mluzi. Ameniambia ni bora kuliko alivyoota: karavani bila kuikokota. Amenunua rangi ya buluu, ameiacha kwa Marcelin. Ninon amewapa kuku majina, wote, na anawaita bila kukosea. Firmin amemlalia mmoja.

Wiki tatu. Kila mwaka. Mzee wa watu anatafuta kaptura ya kuogelea.

Lakini nimelala vizuri usiku wa kuamkia leo, kwa binti yake Ami Fernand, kitanda cha kweli, na mtu akilala vizuri akili humrudi. Nimeiona njia. Ni rahisi hata naona aibu kwamba sikuiona mapema. Kosa langu lote lilikuwa kuisumbua karavani. Karavani haina kosa. Wa kusumbuliwa ni usingizi wa Gaëtan. Na shamba lile lina kuku ishirini, lakini halina jogoo.

Asubuhi nimekwenda kumuaga Mzee Marcelin peke yangu. Nimemwambia kuku bila jogoo ni kama kijiji bila meya. Nimemwuliza kama anaweza kumtafuta mmoja kabla ya kiangazi kijacho, mwenye kifua, anayeanza kuwika mapema, mapema kabisa, na amfunge karibu na dirisha la karavani, lile la upande wa kulia. Siku moja ya huyo na mume wangu mwenyewe ataomba tuhame. Hilo la mwisho sikulisema.

Mzee alifikiri sana. Alisema kuna mmoja kwa binamu yake, anajulikana mpaka wilaya ya jirani, walitaka kumfanya supu kwa ajili ya kelele. Atakwenda kumchukua wiki hii hii. Ila jogoo wa namna hiyo hakai peke yake, anakuja na wenzake, na wanakula, na wanataka mtu wa kuwaangalia Pasaka pia, maana yeye sasa ameanza kuizoea fikra ya bahari.

Nilikuwa nasikiliza nusu. Nilikuwa namwona Gaëtan na mto juu ya kichwa.

Mzee akainua kiganja.

Nimekipiga chini, kiganja chote.